Kuonekana Mara ya Pili

Ndugu msomaji, naomba nianze na foleni.

Mwaka uliofuata baada ya kumaliza kidato cha nne nilipata habari kwamba mahali fulani wanatafuta waigizaji wapya wa mchezo wa redio. Nikavaa shati langu la Idi, nikadandia daladala ya kwanza, nikafika jua halijachomoza. Kumbe wenzangu walikesha! Mstari ulishazunguka jengo. Mbele yangu alisimama dada mmoja muuza vitumbua. Beseni lake alikuja nalo, maana hakutaka siku ipite bure. Basi huyo dada, kwa saa tatu tulizosimama pale, alituigizia mtaa mzima: kondakta asiyetaka kurudisha chenji, mama mkwe aliyekuja kwa siku mbili akakaa miezi miwili, mjumbe wa nyumba kumi anayepatanisha wanandoa huku pua yake iko jikoni. Watu walicheka mpaka mlinzi akaja kutunyamazisha, naye akabaki kusikiliza.

Zamu yake ikafika. Akaniachia beseni, akaingia. Dakika mbili hazikuisha, huyo katoka.

"Wamesemaje, dada?"

"Wamesema asante, watanipigia."

Nikaingia mimi. Meza, watu watatu, karatasi, na mmoja wao anatazama saa. Nilipofika mstari wa tatu nikaambiwa asante. Watanipigia.

Sikulia. Penzi langu mimi ni riwaya, na uigizaji nilikwenda kuubahatisha tu. Lililoniuma ni yule dada. Wale watatu mezani hawakuiona foleni. Kipaji chake chote kilibaki nje ya mlango. Ndani alipewa karatasi yenye maneno ya mtu mwingine, akaisoma kama tunavyosoma tangazo la kodi. Sasa nani mwenye kosa? Wao waliona walichokiona, naye alitoa alichoweza kutoa kwa muda ule. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake, lakini dhuluma ilitokea.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila nilichoweza kukipata juu ya majaribio ya waigizaji, na katika kusoma nikakutana na historia ya michezo ya kiangazi ya Marekani. Nawaletea hapa. Si kwamba Marekani ndiyo kipimo cha kila kitu, la hasha! Ni kwa sababu kuna wakati walikuwa na kitu ambacho foleni yetu haikuwa nacho.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Kiangazi cha kule ni Juni hadi Agosti, wakati huku kwetu ni kipupwe. Kampuni ya mchezo wa kiangazi ni kundi la waigizaji wanaokusanywa kwa ajili ya miezi hiyo tu, wakapelekwa shamba au pwani, wakaonyesha mchezo baada ya mchezo mpaka Septemba, kisha kila mtu akashika njia yake. Wenyewe huziita kampuni hizi kwa neno lile lile la akiba ya dukani. Nalo ni neno la haki, kwa kuwa zilikuwa na akiba kweli: akiba ya maleba, akiba ya mandhari zilizochorwa, akiba ya tamthilia, na juu ya yote akiba ya watu. Leo jioni wewe ni mfalme, wiki ijayo ni mtumishi anayebeba sinia.

Mtindo huo haukuanzia shamba. Katika karne ya 19 miji mingi ya Marekani ilikuwa na kampuni zake za kudumu. Reli ndiyo iliyoziua. Kuanzia miaka ya 1870 ikawa rahisi kupakia mchezo mmoja kwenye treni, waigizaji na mapazia yao, ukazungushwa nchi nzima kutoka New York. Kampuni za mijini zikafa moja moja. Zilizonusurika zilijibanza mahali pa starehe. Huko Denver, Colorado, bustani za Elitch zilifunguliwa mwaka 1890, na katika muongo huo huo zikawa na kampuni yake ya kiangazi. Huko Maine, kando ya ziwa, jumba la Lakewood lilianza michezo mwaka 1901, na lililolileta ni shirika la tramu lililotaka abiria. Watu wapande tramu kwenda kutazama mchezo, shirika lipate nauli. Sanaa ilianza kama chambo cha biashara, wala sioni ubaya wake. Ngapi za hapa kwetu zimeanza hivyo hivyo, kwenye mabaa?

Kilichozifanya kampuni hizi ziote kama uyoga ni joto na motokaa. Kabla ya viyoyozi, majumba ya michezo ya New York yalikuwa matanuri wakati wa kiangazi. Mengi yalifunga milango, waigizaji wakakaa bila kazi miezi mitatu. Wakati huo huo watu wenye nafasi walikimbilia pwani na milimani, na kufikia miaka ya 1920 wengi walikuwa na magari. Pakawa na watazamaji bila mchezo, na waigizaji bila jukwaa. Wajanja wakawakutanisha. Majengo yalikuwa yoyote yaliyopatikana. Huko Provincetown, mwaka 1916, tamthilia ya kwanza ya Eugene O'Neill kuonyeshwa ilichezwa katika banda la gatini, maji ya bahari yakipiga chini ya sakafu. Huyo ndiye aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936. Huko Dennis, Massachusetts, Raymond Moore alichukua jengo la kanisa la mwaka 1838, akalihamisha, akalifungua mwaka 1927 kwa jina la Cape Playhouse. Huko Westport, Connecticut, mwaka 1931 Lawrence Langner na mkewe Armina Marshall waligeuza ghala kuukuu, lililowahi kuwa kiwanda cha ngozi, kuwa jumba la michezo. Wanaume walivaa kofia za majani makavu kujikinga jua, na kutokana na kofia hizo mzunguko mzima wa majumba haya ukapewa jina.

Sasa tuje kwenye majaribio yenyewe.

Mwisho wa kipupwe chao, kabla miti haijachipua, wenye makampuni walikaa kwenye ofisi za New York wakipokea waigizaji. Wengine walikuja na mawakala wao, wengine walizunguka kwa miguu wakibisha mlango kwa mlango, picha mkononi. Mtu wa mezani alikuwa akitafuta nini? Hapa ndipo nilipokosea mimi miaka yote. Nilidhani anatafuta waigizaji bora. Sivyo.

Hebu mfikirie mtu huyo. Ana msimu wa wiki kumi na michezo kumi, na fedha za kuajiri watu kumi tu. Katika michezo hiyo kuna wazee, wasichana wapenzi, mawakili, wezi, mashangazi, na mlevi mmoja au wawili. Hawezi kumwajiri mtu kwa ajili ya nafasi moja. Anamtaka mwanamume atakayekuwa mpenzi wiki hii, padri wiki ijayo, na muuaji wiki ya tatu. Kampuni za zamani zilikuwa na mafungu yake: mwanamume wa kuongoza, mwanamke wa kuongoza, kijana, binti, mzee, bibi, mchekeshaji. Fungu la binti likishajaa, aje binti mwenye kipaji cha kutingisha dunia, ataambiwa asante. Mtu wa mezani anapanga jumla. Ni kama mama anayenunua mahitaji ya pilau: akishapata bizari, hata ukimletea bizari bora kuliko ile hanunui tena, anatafuta vitunguu.

Juu ya hayo alitaka mtu wa kustahimili punda-kazi. Jumatatu usiku mchezo mpya unafunguliwa. Jumanne asubuhi waigizaji wale wale wameshika maandishi ya mchezo wa wiki inayofuata. Mchana mazoezi ya huu, usiku maonyesho ya ule, na usiku wa manane mtu anakariri maneno kwa mwanga wa taa. Jumamosi, watazamaji wakishaondoka, mandhari inabomolewa. Jumapili inasimamishwa nyingine. Wiki kumi mfululizo. Uwezo wa namna hiyo huwezi kuuona mtu akiwa amesimama ofisini dakika mbili. Kwa hiyo majaribio ya ofisini yalikuwa kubahatisha tu. Majaribio ya kweli yalikuwa msimu wenyewe.

Nitoe mfano wa binti mmoja. Bette Davis, kabla ya kuwa Bette Davis wa sinema, alikwenda kujaribiwa na Eva Le Gallienne, mwigizaji na mwongozaji mwenye heshima kubwa New York wakati huo. Akakataliwa. Alionekana hana uzito, hana nia ya kweli na kazi. Huyu ndiye mwanamke ambaye baadaye alishinda Oscar mbili na kuogopwa na wenye studio kwa ubishi wake juu ya kazi! Lakini Le Gallienne hakuwa mjinga. Alimwona msichana mmoja, siku moja, kwa muda mfupi, akaona alichokiona.

Mwaka 1928 Davis alikwenda Cape Playhouse akitumaini kuigiza. Kufika pale, nafasi zimejaa. Kazi iliyokuwepo ni ya kuwaonyesha watazamaji viti vyao. Akaichukua. Kiangazi kizima alishika tiketi za watu na kuwapeleka vitini, na kila usiku akatazama mchezo kutoka nyuma. Msimu ukielekea mwisho ukaja mchezo wa A. A. Milne, *Mr. Pim Passes By*, na mwigizaji mkuu Laura Hope Crews akahitaji binti. Davis akaambiwa nafasi ni yake iwapo ataweza wimbo fulani wa Kiingereza unaoimbwa ndani ya mchezo. Hakuujua. Yeye na mama yake wakahangaika huku na huko wakiutafuta mpaka wakaupata, akajifunza, akapanda jukwaani. Mwaka uliofuata alirudi pale pale, na safari hii hakurudi kuonyesha viti.

Linganisha na yule dada wangu wa vitumbua. Davis alionekana mara ya kwanza akakataliwa, kisha akapata mahali pa kukaa mpaka aonekane mara ya pili. Hapo ndipo penye tofauti yote.

Au mchukue Henry Fonda. Kijana wa Omaha, mkimya, alifika pwani ile ile kiangazi kile kile cha 1928, akapata nafasi ndogo huko Dennis. Jirani, katika mji wa Falmouth, wanafunzi wa vyuo vikuu, wakiongozwa na Charles Leatherbee na Bretaigne Windust, walikuwa wameanzisha kampuni yao, University Players. Fonda akaenda kutazama mchezo wao wa kuchekesha. Joshua Logan, aliyekuwa jukwaani, akasikia kicheko cha ajabu kutoka gizani, kicheko kisichofanana na cha mtu mwingine. Baada ya mchezo wakamtafuta mwenye kicheko, wakamkaribisha. Hayo ndiyo majaribio ya Fonda: alicheka.

Lakini hadithi haiishii hapo, ingawa wengi huiishia hapo kwa kuwa ni tamu. Nafasi ya kwanza waliyompa katika kampuni hiyo ilimshinda. Walimvisha umri na hadhi isiyokuwa yake, akawa kituko. Ingekuwa ni mchezo mmoja wa mjini angefunga mizigo. Hapa palikuwa na mandhari za kuchora, naye alikuwa na mkono mzuri wa rangi, basi akashika brashi. Baadaye ukaja mchezo mwingine wenye nafasi ya bondia, wakambahatisha, akang'ara. Katika kampuni hiyo hiyo alipita Margaret Sullavan, na mwaka 1932 akaja James Stewart, ametoka Princeton kusomea usanifu wa majengo, akianza na nafasi ndogo ndogo na kupiga kodiani kwenye mgahawa wa jirani. Ukiniuliza kampuni ile ilikuwa na siri gani, nitakwambia: ilikuwa na kazi za kumpa mtu aliyeshindwa.

Mpaka hapa msomaji atadhani nasifia pepo. Ngoja kwanza.

Wote niliowataja ni weupe. Mlango wa ghala ulikuwa mpana, lakini mbele ya mlango palikuwa na mlango mwingine usioonekana. Katika ile hesabu ya jumla, ile ya mpenzi na binti na mzee, mwigizaji mweusi alihesabiwa fungu la watumishi, kama alihesabiwa. Tumtazame mmoja ambaye hakuna mtu angeweza kusema hajamwona: Paul Robeson. Kufikia mwaka 1942 sauti yake ilijulikana dunia nzima. Othello alikwisha kumcheza London mwaka 1930, mbele ya Desdemona wa Peggy Ashcroft. Sisi watu wa Kiswahili tuna sababu yetu ya kumkumbuka, kwani alipokuwa akiishi London miaka ya 1930 alijifunza lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo, na katika filamu yake ya mwaka 1935, ambayo baadaye aliijutia kwa jinsi ilivyowapamba wakoloni, mmoja wa waliotokea kwa nyuma ni Jomo Kenyatta.

Huyo Robeson, na umaarufu wote huo, hakupata mwenye jumba New York wa kumpa Othello. Waliogopa. Mwanamume mweusi amkumbatie mwanamke mweupe jukwaani, kisha amuue! Nani atanunua tiketi, nani atavunja viti? Mwongozaji Margaret Webster, aliyebisha milango hiyo akaambiwa hapana, akaamua kuupeleka mchezo kwenye majumba ya kiangazi. Agosti 1942, huko Cambridge, Massachusetts, katika ukumbi wa Brattle, Robeson alisimama na Uta Hagen kama Desdemona na José Ferrer kama Iago. Watazamaji walishangilia kwa mikono na miguu. Wakatoka hapo wakaenda Princeton, mji aliozaliwa Robeson mwaka 1898, mtoto wa mtu aliyetoroka utumwani, mji ambao chuo chake kikuu hakikuwa kikipokea watu weusi alipokuwa kijana. Baada ya hapo ndipo New York ilipofungua mlango. Mchezo ulifunguliwa Oktoba 1943, ukaonyeshwa mara 296, rekodi ya Shakespeare katika majumba ya Broadway.

Nimeufikiria mfano huu kwa muda mrefu, kwani unaikosoa hoja yangu mwenyewe. Nilisema mtu anahitaji kuonekana mara ya pili. Robeson alikuwa ameonekana mara elfu. Tatizo halikuwa macho, tatizo lilikuwa ni nani yuko tayari kuhatarisha fedha zake. Kilichosaidia ni kwamba ukumbi wa kiangazi ulikuwa rahisi. Msimu ni mfupi, jengo ni dogo, hasara haimfilisi mtu. Woga ulikuwa na bei ndogo kule, kwa hiyo ushujaa nao ukawa na bei ndogo. Sitaki kuupunja ushujaa wa Webster, na wa Robeson zaidi. Nasema tu kwamba hata shujaa anahitaji pahali pa kusimama.

Miaka hiyo hiyo ya vita mafuta ya petroli yaligawiwa kwa mgao, na majumba mengi ya shamba yakafungwa kwa kuwa watazamaji wasingeweza kufika. Vita ilipokwisha yakafunguka tena, lakini biashara ilikuwa imebadilika. Wenye majumba waligundua kwamba nyota mmoja wa sinema anajaza viti kuliko kampuni nzima ya vijana. Yakaanza mafurushi: nyota anakuja na mchezo wake na wenzake wakuu, anakaa wiki moja, anahamia jumba lingine. Vijana wa pale wakaachiwa nafasi ya kusema "mabibi na mabwana, chakula tayari". Mwaka 1949, huko Lambertville, New Jersey, likasimama hema la kwanza la michezo ya muziki, watazamaji wakizunguka jukwaa pande zote, na mahema yakaenea. Televisheni nayo ikaingia sebuleni. Ile shule ya mchezo mpya kila wiki ikapungua mwaka hadi mwaka, ingawa haikufa yote.

Na kuna jambo lingine la kusema kweli: nani aliyeweza kumudu kukaa kiangazi kizima akisubiri kuonekana? Davis alikuwa na mama aliyemhangaikia. Wale wa Falmouth walitoka vyuo vya wenye nazo. Chama cha waigizaji, Actors' Equity Association, kilichoanzishwa mwaka 1913 na kugoma mwaka 1919, kiliwatetea wanachama wake, lakini wanagenzi hawakuwa wanachama. Walifagia, walipiga misumari, walibandika mabango, na katika majumba mengi walilipia ada wao wenyewe ili wapate kufagia! Wapo walionufaika, Stephen Sondheim, mtunzi mkubwa wa michezo ya muziki, alikuwa mwanagenzi Westport mwaka 1950. Lakini hatuna orodha ya waliobaki nyumbani kwa kukosa ada. Ubishi huo umeendelea mpaka siku zetu. Mwaka 2021 gazeti la *Los Angeles Times* lilichapisha malalamiko ya watu waliopitia tamasha la Williamstown, juu ya saa ndefu za kazi, hatari kazini, na malipo madogo au kutokuwapo kabisa. Baada ya hapo tamasha likaachana na mtindo wa kuwatumia vijana bila malipo.

Siku hizi kuna majaribio ya pamoja. Mmoja wa mikutano mikubwa ni wa Southeastern Theatre Conference, chama kilichoanzishwa mwaka 1949. Makampuni mengi hukaa ukumbi mmoja, na waigizaji hupita mbele yao mmoja mmoja, namba kifuani. Kwa miaka mingi kanuni yao imekuwa hii: anayeigiza na kuimba apewe sekunde 90, anayeigiza tu sekunde 60. Muda ukiisha unaambiwa umeisha, hata neno likiwa mdomoni. Baadaye hubandikwa orodha za waliotakiwa kuitwa tena. Nilipoyasoma haya nilicheka peke yangu. Kumbe hata huko kuna mtu anayetazama saa!

Lakini kuna tofauti ndogo, nayo si ndogo. Wale wanaopita mbele ya meza wanaonwa na makampuni mengi kwa mara moja. Asiyefaa katika jumla ya huyu huenda ndiye kitunguu anachokitafuta yule. Sekunde 90 ni chache mno kumjua mtu, sawa, lakini macho ni mengi. Sisi tulikuwa na meza moja.

Basi nimejifunza nini? Nimejifunza kwamba "asante, tutakupigia" mara nyingi si hukumu juu ya kipaji chako. Pengine bizari ilikuwa imeshanunuliwa. Nimejifunza pia kwamba faraja hiyo haitoshi, maana aliyekataliwa kwa sababu ya hesabu na aliyekataliwa kwa sababu ya rangi, au ya mfuko, wote walipewa asante ile ile, na mwenye kuipokea hana njia ya kujua ni ipi. Njia pekee niliyoiona ikifanya kazi ni kuwa na mahali pa bei nafuu, penye kazi nyingi na michezo mingi, ambapo mtu akishindwa Jumatatu yupo bado Jumanne. Si lazima pawe jumba. Kanisa kuukuu lilitosha, na ghala la ngozi, na banda la gatini.

Huku kwetu tuna madarasa yanayokaa wazi wakati wa likizo. Tuna vijana waliomaliza shule wakashinda vijiweni, mimi nikiwa mmoja wao. Nimezungumza na wenzangu watano wa mtaani, na mwalimu mmoja mstaafu amekubali kutuombea darasa kwa mwezi mmoja. Mchezo mmoja kila wiki, vichekesho vifupi, viingilio vya watoto. Wa kwanza nimeuandika mimi, na sidhani kama ni mzuri, lakini kutakuwa na wa pili.

Juzi nilikwenda kumtafuta yule dada. Nilimkuta kituoni, beseni mbele yake, akimgombeza mteja kwa sauti ya mjumbe wa nyumba kumi, na mteja anacheka huku akitoa hela. Nikamweleza mpango. Akaniuliza kama kutakuwa na meza.

Nikamwambia hakuna meza.

"Na karatasi ya kusoma?"

Nikamwambia karatasi ipo, ila akitaka anaweza kuiacha. Akafunika beseni, akasema atafikiria, nije kesho kutwa. Kesho kutwa ni leo. Nikimaliza kuandika haya naenda.